Kadi ya Neno "Mbali"

Mwanamume anayekwenda kujitambulisha nyumbani kwa mchumba huulizwa maswali matano au sita, na moja kati ya hayo lina jibu lililokwisha kukubaliwa na walimwengu wote. Akiulizwa kwake ni mbali kiasi gani, hujibu, "Si mbali, mama." Hata kama anakaa mwisho wa dunia hujibu hivyo. Wenyeji hutabasamu, vikombe hujazwa tena, mazungumzo yakasonga mbele.

Mpima alijibu, "Kilomita mia nne na kumi na mbili, mama. Tukianzia hapa mlangoni pako badala ya barabarani, tuongeze mita mia sita."

Shangazi alikirudisha kikombe chake mezani kabla hakijafika mdomoni. Mama alimtazama mgeni kitambo kidogo, akashika birika ambalo halikuwa tupu, akaenda nalo jikoni. Hakurudi mpaka mgeni alipoaga. Mhariri, ambaye ndiye aliyekuwa amemleta mgeni huyo kwao, alibaki akitazama kitambaa cha meza kama mtu anayetafuta kosa la uchapaji.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Ijumaa Mpima alitakiwa kurudi kituoni kwake milimani, na bila neno la Mama hakuna kitu ambacho kingefuata. Mhariri alikuwa na miaka thelathini na miwili, kazi yake na ufunguo wake mwenyewe. Hakuna aliyeweza kumfungia mlango. Lakini alikuwa amejiapia kwamba hataolewa juu ya machozi ya mama yake, kwa sababu machozi ya aina hiyo aliyajua.

Miaka minane nyuma, wazee wa upande wa pili walikuja kumposa dada yake mkubwa. Walipoulizwa umbali, walisema ni hapo tu, mtaonana kila mwisho wa mwezi mpaka mchokane. Hapo tu ikatokea kuwa siku mbili kwa basi na nusu siku nyuma ya lori. Tangu siku hiyo Mama alikuwa amemwona binti yake wa kwanza mara tatu. Kiti chake mezani hakikuondolewa wala hakikukaliwa.

Jioni ya Jumapili Shangazi alitoa hukumu peke yake, maana Mama alikataa kuzungumza. Alisema mtu anayemtajia mama mkwe takwimu ama ana kiburi ama ana upungufu, na kwamba yeye binafsi alikuwa tayari kumsamehe mwenye upungufu. Alisema kaka yake, marehemu baba wa binti huyu, asingemruhusu mtu wa namna hiyo avuke kizingiti. Alisema mengine mengi, na kila aliponyamaza kupumua alimtazama wifi yake apate kuungwa mkono. Mama akawa anasuuza vikombe. Alivisuuza vikombe sita kwa muda ambao mtu mwingine angefulia mashuka.

*

Ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Chumba kikubwa kilikuwa na madirisha manne, na makabati ya mbao yaliyokigawa katikati, yenye saraka ndogo ndogo mia tatu. Ndani ya saraka hizo yalilala maneno, kila neno na kadi yake: maana, asili, na sentensi zilizosemwa na watu halisi. Walikuwa wamefika herufi M.

Mpima alikuwa ameletwa hapo miezi sita nyuma, kwa kuazimwa kutoka idara ya ramani, ili maneno ya vipimo yasiandikwe na watu ambao hawajawahi kupima kitu kirefu kuliko meza. Alikuwa mrefu, mkimya, na viatu vyake vilikuwa vya mtu wa porini hata alipovaa suruali iliyopigwa pasi. Siku ya kwanza waligombana juu ya *umbali*. Yeye alisema ni namba. Mhariri alisema kama ni namba, basi kamusi nzima ni kazi ya mhasibu.

Kilichowapatanisha ni *masafa*. Mhariri alimsomea kadi: neno limetoka katika Kiarabu, na wanalugha wa kale wa Kiarabu walilihusisha na kunusa. Walisema mwongoza njia jangwani, akipotea, aliokota udongo, akaunusa, akajua yuko wapi na njia ipo au haipo. Kwa maelezo hayo, masafa ni ile nchi ambayo huwezi kuivuka bila kuinusa. Mpima alisikiliza mpaka mwisho, akashuka ngazi. Baada ya robo saa alirudi na vumbi puani.

"Nimenusa udongo wa nyuma ya jengo," alisema. "Sasa najua tulipo. Tupo juu ya bomba la maji machafu lililopasuka."

Mhariri alicheka mpaka mkuu wa kamusi akatokeza kichwa ofisini kwake kuuliza kama kuna msiba. Wakati anafuta machozi aligundua kwamba Mpima hacheki. Alikuwa amesimama tu, akimtazama kwa makini yale yale aliyotumia kutazama lenzi, kama mtu aliyetafuta alama kwa siku nyingi na sasa ameiona.

Hayo yalikuwa mwezi wa kwanza wa Mpima hapo ofisini. Alilitamka lililo moyoni mwezi wake wa nne, kwa sentensi moja isiyo na pambo, wakiwa wanapanga kadi za *mwendo*. Watu wa ofisi wakawaita Bwana na Bi Kilomita, wao wakajifanya hawasikii.

*

Jumatatu asubuhi hawakusalimiana vizuri. Mhariri alisubiri wenzao waende kunywa chai, akamgeukia.

"Ungesema si mbali," alisema.

"Lakini ni mbali."

"Kila mtu anajua ni mbali. Hilo ni jibu la adabu. Hakuna anayelipima."

"Mama yako aliniuliza swali. Sikuona kama anatania."

"Waliomposa dada yangu waliulizwa vile vile, wakajibu vizuri, mambo yakaenda."

Mpima aliweka penseli chini. "Yakaenda wapi?" aliuliza kwa upole.

Mhariri aliinamisha macho. Mbele yake, bahati mbaya, ilikuwa wazi saraka ya *ughaibuni*, kwa kuwa mkuu alitaka kadi zote za umbali zisomwe pamoja hata zikiwa za herufi za mbele. Aliijua kadi hiyo kwa moyo. Neno lilitokana na *ghaibu*, kutokuwepo, kutoonekana. Aliyelitunga hakumwangalia aliyeondoka, maana huko alikokwenda anakula na kulala na kucheka kama kawaida. Alimwangalia aliyebaki. Ughaibuni ni jina ambalo mtu wa nyumbani ameipa nchi nzima kwa sababu ya mtu mmoja asiyeonekana.

"Nikianza na uongo wa kilomita mia nne," Mpima aliendelea, "nitakapohitaji wa pili nitauanzia wapi?"

"Sijakwambia udanganye. Nimekwambia ungekuwa na adabu."

"Basi nifundishe tofauti, nina mpaka Ijumaa."

Alisema bila kejeli, na hilo ndilo lililomuudhi Mhariri zaidi, kwa sababu alitafuta tofauti hiyo siku nzima asiipate. Jumanne hawakuzungumza ila mambo ya kazi. Mhariri aliona jinsi Mpima anavyofunga vitabu vyake kidogo kidogo ndani ya sanduku la bati, naye akawa anahesabu kila kitabu kilichoingia.

*

Jumatano ilikuwa siku ya wasemaji. Kanuni ya kamusi ilitaka kila neno zito lipate sentensi kutoka kwa watu watatu wasio wa ofisi, na mmoja wao awe amekula chumvi nyingi. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa duka la vioo: mwenye Kiswahili na nusu saa apande juu. Walikuja mafundi, walimu, wauza mitumba, na mzee mmoja aliyekuja kila wiki kwa sababu nyumbani hakuna anayemsikiliza.

Saa nne hivi akapanda Mama.

Katika miaka kumi na mmoja ya kazi ya binti yake hakuwahi kufika hapo. Alikuwa amevaa viatu vyake vya ofisini, vile alivyostaafu navyo. Alisalimia kila mtu, akasema ameona tangazo, akauliza msemaji anakaa wapi.

Mhariri alimfuata kwa kunong'ona, akauliza kama kuna tatizo nyumbani. Mama alimjibu kwa sauti ya kawaida kwamba hakuna tatizo, amekuja kusema neno *mbali*, na kama ofisi hii ina upendeleo wa kuwakataa wazee basi aandikiwe barua.

Kanuni nyingine ya kamusi ilikataza mhariri kumhoji ndugu yake, maana ndugu husema yale atakayofurahi nayo anayeuliza. Mkuu alikuwa kwa mpiga chapa. Mhariri wa pili alikuwa na yule mzee wa kila wiki na asingebanduka kabla ya adhuhuri. Aliyebaki na kalamu mkononi alikuwa mmoja tu, na alikuwa amesimama wima kando ya meza kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa.

Mhariri alitakiwa kutoka nje. Alifika mpaka upande wa pili wa makabati, akavuta saraka ya herufi M, akajifanya anatafuta kitu.

Alisikia kiti kikivutwa. Alisikia Mpima akikohoa, kisha akisoma fomu kwa sauti kavu, neno kwa neno, akiuliza umri na kazi.

"Opereta wa simu, mstaafu," Mama alisema. "Miaka thelathini na mmoja mezani. Simu za masafa marefu."

"Neno linaloulizwa ni *mbali*. Tafadhali eleza unavyolitumia."

"Nitaeleza, na wewe andika, usinikatize. Watu walikuja dirishani wakasema, mama, niunganishe, ni mbali. Mimi nikajifunza kwamba mbali haifuati ramani. Kulikuwa na mji hapa jirani, ungeweza kwenda kwa baiskeli ukarudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini waya wake ulikuwa mmoja, tena mbovu. Ukitaka kusema na mtu huko, ngoja saa tatu. Na kulikuwa na miji ng'ambo ya bahari, nachomeka waya, dakika mbili mtu anasema haloo kama yuko chumba cha pili. Kwa hiyo kwetu sisi mezani, mji wa jirani ndio ulikuwa mbali. Umeandika?"

"Nimeandika, mama. Naomba sentensi moja ya mfano."

Mama aliuweka mkoba wake magotini. Nyuma ya kabati Mhariri alishikilia saraka kwa mikono miwili.

"Andika hivi," Mama alisema. "'Aliyeniambia ni hapo tu ndiye aliyempeleka mwanangu mbali.'"

Kalamu ilikwaruza karatasi pole pole mpaka mwisho wa sentensi. Mpima hakusema pole, wala hakusema lolote la kujitetea. Aliuliza tu kama aandike jina la msemaji au herufi zake za mwanzo.

"Weka kalamu chini kidogo," Mama alisema. "Haya mengine si ya kamusi. Jumapili uliponitajia zile kilomita nilikwenda jikoni. Unajua nilifanya nini jikoni?"

"Nilidhani nimekuudhi."

"Nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo, nikacheka mpaka nikakaa chini. Kisha nikalia kidogo. Ningerudije sebuleni na uso ule, mbele ya wifi yangu? Miaka minane nasubiri mtu aniambie umbali, akaja mtu akaniongezea na mita mia sita."

Mpima alisema kwa unyenyekevu kwamba hizo mita alizikadiria kwa hatua, hakuwa na kifaa.

"Nilikwenda kituo cha mabasi jana," Mama aliendelea. "Karani akaniambia mia nne na kumi. Nikamwambia umekosea, na mbili. Akafungua daftari lake. Ni na mbili."

Nyuma ya kabati Mhariri aligundua kwamba anatabasamu peke yake na herufi M. Alijaribu kuacha, akashindwa. Hakuwa amewahi kumsikia mama yake akisema kwa sauti hiyo, sauti ya mezani, nyepesi na yenye mamlaka, ambayo bila shaka mji mzima uliijua kabla yeye hajazaliwa.

"Sasa nikuulize mimi," Mama alisema, na sauti ikashuka. "Kilomita nimezielewa. Nikimwita mwanangu, anafika siku gani?"

Hapo ndipo mwanamume mwingine angesema siku hiyo hiyo, mama, hata usiku wa manane nitamleta mgongoni. Mhariri alifumba macho, akamwomba Mungu amfunge Mpima ulimi, kisha akaomba asimfunge.

Mpima alifikiri. Alisema basi hutoka kule Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, na hufika hapa magharibi. Ukipiga simu siku ya basi, mtu anafika kesho kutwa. Ukipiga siku isiyo ya basi, anafika kesho, ila ukipiga Jumamosi au Jumapili utamngoja mpaka Jumanne. Kituo kina gari, ila si lake, na hawezi kuliahidi.

"Kuna jambo jingine," alisema. "Mwezi wa nne mto hupanda juu ya daraja. Ni wiki tatu, mwaka mbaya ni nne. Katika wiki hizo hafiki, mama. Siwezi kukwambia anafika."

Kwenye meza ya mbali mzee wa kila wiki alisikika akieleza jinsi alivyonunua redio yake ya kwanza.

"Wiki tatu," Mama alisema.

"Ndiyo."

"Huko kwenu kuna baridi?"

"Asubuhi. Nitakuwa na kuni."

"Basi mwezi wa nne nitakuja mimi kabla mto haujapanda, nifungiwe huko huko pamoja nanyi mpaka maji yashuke. Nimekaa kiti kimoja miaka thelathini na mmoja nikiwapeleka watu wengine mbali kwa waya. Mimi mwenyewe sijafika popote." Kisha, bila kubadilisha sauti, akageuza uso kuelekea makabati. "Na wewe toka huko nyuma. Pumzi ya mtu anayesikiliza laini ya wenzake naijua tangu hujatungwa mimba."

Mhariri alitoka. Alikuwa bado na kadi mkononi, hakujua ya neno gani. Mpima alisimama, na macho yao yakakutana kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na alionekana kama mtu aliyepanda mlima ambao hakuambiwa urefu wake.

"Kwangu limekwisha," Mama alimwambia binti yake. "Lakini naona mmeniuliza mimi, mmemuuliza shangazi yako, mmeuliza basi na mto. Na kazi yako hii? Utaiacha makabatini?"

Mhariri alizoea kusema ukweli wa watu wengine, uliokwisha kuandikwa. Wa kwake alikuwa ameuweka mahali pake pa siri na kuufungia.

"Siiachi," alisema. "Mkuu amekubali. Kamusi haina wasemaji wa milimani hata mmoja. Nitakuwa nakusanya huko, kadi nazituma kwa basi kila Alhamisi, na herufi N naihariri huko huko. Tumekwisha kuandikiana barua."

"Amekubali lini?" Mpima aliuliza.

Mhariri aliiweka ile kadi juu ya meza, akainyoosha pembe.

"Mwezi wako wa pili hapa," alisema.

Mpima alikuwa mtu wa hesabu, na hesabu hii haikuwa ngumu. Alionekana akiifanya, akiirudia, akiipata ile ile. "Mwezi wa pili nilikuwa sijakwambia neno lolote."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ungefanyaje kama nisingesema?"

"Ningekwenda milimani kukusanya maneno," Mhariri alisema. "Kuna upungufu mkubwa sana wa maneno ya milimani."

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Safari hii hakuwa na kitambaa cha kujizibia, wala hakukitafuta. Alicheka mpaka mhariri wa pili akageuka, na yule mzee akaacha hadithi ya redio akauliza ni nini, naye achekeshwe. Mpima alijaribu kubaki na uso wa kazi. Ulianza kumponyoka pembeni mwa macho, ukashuka, na Mhariri akauona uso ambao miezi sita haikutosha kumwonyesha, uso wa mvulana aliyepewa kitu asichothubutu kukiomba.

"Nilitaka kukuuliza Alhamisi," alisema. "Nilikuwa nimepanga."

"Uliza leo. Alhamisi kuna kikao."

Akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, kwa jina lake la nyumbani ambalo hakuna mtu wa ofisi aliyelijua. Mhariri, ambaye kwa miaka kumi na mmoja alilipwa kwa kutafuta jibu fupi kuliko yote, alisema ndiyo.

Mama alijifuta macho, akachukua mkoba wake. Aliwapa maelekezo kama mtu anayepanga zamu: saa sita waombe ruhusa, waje nyumbani kwa miguu, wasipande kitu chochote, na wasiharakishe. Yeye atatangulia. Wifi yake alihitaji kukalishwa chini kwanza, kisha apewe muda wa kukasirika, kisha apewe jambo la kusimamia, maana mtu kama yule ukimpa arusi aisimamie husahau kwamba aliipinga.

Wakamshindikiza hadi chini, kwenye kivuli cha duka la vioo. Barabara ilikuwa imejaa watu wa mchana. Mama aliteremka kijia cha waenda kwa miguu kwa viatu vyake vya ofisini, haraka kuliko walivyomzoea, mkoba ukipepea. Mpima aliutafuta mkono wa Mhariri, na Mhariri akaulaza ndani ya wake mahali pa wazi, mbele ya wapita njia na mbele ya vioo vyote vya dirisha vilivyowarudishia picha yao mara kumi na mbili.

Pembeni, kabla ya kukata kona, Mama aligeuka mara moja. Akaona. Akaendelea na safari yake.